Nimejifungia Kanzu Kwenye Msumeno Mbele ya Wakwe

Leo nimeaibika. Nimeaibika mpaka kuku wa mwenye nyumba wamesimama kunitazama, na kuku wale huwa hawajali jambo lolote. Naandika hapa nikiwa nimekaa juu ya rundo la maranda uani kwangu, Kashai, kwa sababu jirani ameona kila kitu na kabla ya jioni habari itakuwa imefika sokoni. Afadhali muipate kwangu kabla haijatiwa chumvi.

Kwa wasionijua: mimi ni seremala, na nina msumeno wa meza. Ni ile mashine ambayo meno yake ya duara yanachomoza katikati ya meza, unasukuma ubao, ubao unapasuka. Niliinunua kwa mtu, ikaja uchi. Haikuwa na kinga juu ya meno, haikuwa na chochote. Nikasema nitaivisha wiki ijayo. (Wiki ijayo ya fundi mnaijua.) Basi siku moja ubao ukabanwa na meno, ukarushwa kwa nguvu, ukapita juu ya beseni alimokuwa anaoga mwanangu Kemi, ukaenda kutoboa ndoo.

Mke wangu Koku hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua namna ya kujitetea. Alimfuta mtoto maji, akakunja nguo zao, akaenda kwao Kamachumu. Mlangoni akasema, "Mashine yako ikivaa, tutarudi."

Na kwetu mke akishakaa kwao harudishwi kwa simu. Unaenda mwenyewe, unakaa chini, unasikilizwa. Nilikwenda na sukari na nyama. Baba mkwe ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, mtu asiyekimbilia mwisho wa sentensi. Akapokea, akashukuru, kisha akasema, "Sukari nimeiona. Nyama nimeiona. Mashine sijaiona. Nitakuja kuiona." Leo ndiyo siku aliyochagua kuja, yeye na mama mkwe.

Jamani, nimemkumbuka Koku. Niseme tu, maana baada ya yaliyotokea leo sina cha kuficha. Nyumba ina vyumba viwili lakini siku hizi inaniwia kubwa. Napika ndizi nyingi kupita kiasi kwa sababu mkono wangu haujui kupikia mtu mmoja, halafu nazila zilezile asubuhi zikiwa baridi. Kemi alikuwa anajifunza kutembea kwa kushika ukuta. Alama za vidole vyake bado ziko pale chini na sijazifuta. Juzi Koku akaniambia kwenye simu kwamba mtoto ameshaachia ukuta, anatembea mwenyewe. Mwanangu ametembea, na mimi nilikuwa hapa napiga msasa mguu wa kitanda cha watu wengine.

Kwa hiyo leo asubuhi niliamka na nia. Kulikuwa na manyunyu na baridi ile yetu ya Bukoba. Nikaenda kwa Hamza, fundi wa kuchomelea hapo mtaani, aliyekuwa ananitengenezea kinga. Nilimwagiza moja. Nikamkuta nazo mbili.

"Nimekutengenezea na ya akiba," akasema. "Hii ya kwanza ni chuma kitupu. Hata ng'ombe akiiangukia, haikatiki."

"Ng'ombe anatafuta nini kwenye karakana yangu?"

"Nakupa mfano tu. Halafu angalia, nimeweka na maua."

Kweli alikuwa ameweka maua. Maua ya chuma, yale ya kwenye nondo za madirisha, mawili kila upande. Nikamuuliza msumeno unahitaji maua ya nini. Akasema, "Mkeo atayapenda." (Nikakiri moyoni kwamba hoja ina uzito.)

Ya pili ilikuwa na fremu nyepesi ya chuma, na ubavuni plastiki ngumu angavu, unaona hadi ndani. Ilikuwa na mkono wenye bawaba nyuma: ubao ukiingia kinga inajiinua, ukipita inashuka yenyewe juu ya meza. Na nyuma ya meno kulikuwa na kibati chembamba kilichosimama wima. Hicho kazi yake ni kuuzuia ubao usijibane kwenye meno ukarushwa kifuani kwa mtu. Au kwenye beseni.

"Peleka zote," Hamza akasema. "Utakayoikataa irudishe."

Nikazibeba, moja kila bega. Nyumbani nikachomoa waya wa mashine ukutani kabla ya kugusa chochote (mjue nina akili, msije mkasema baadaye sina). Nikaijaribu ya maua. Ilikuwa nzito, na ikishakaa huoni meno wala huoni mstari ulioupiga kwa penseli. Unasukuma ubao kwa imani tu. Nikajua siku mbili hazitapita nitaivua ili nione ninachokata, na kinga iliyovuliwa hailindi mtu.

Nikaijaribu ya plastiki. Hapa nikafanya jambo ambalo sikumwambia hata Hamza. Nilikwenda mlangoni nikapiga magoti, macho yangu yakawa kwenye kimo cha Kemi. Nikaitazama mashine kama atakavyoitazama yeye. Niliona meno, lakini yako ndani ya kinga, hayana njia ya kutoka. Nikabaki pale nimepiga magoti kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nikaifunga hiyo. Nikalinganisha kibati cha nyuma na meno kwa kipande cha ubao ulionyooka, nikazungusha meno kwa mkono. Hakuna lililokwaruza. Nikaosha mikono, nikafagia, nikaweka benchi safi pembeni ya ukuta kwa ajili ya wageni, nikaingia ndani kuvaa.

Sasa, ukijiwa na wakwe huwezi kuwapokea na nguo za kazi zenye gundi. Nikatoa kanzu yangu nyeupe, ile niliyovaa siku ya kupeleka mahari. Nikaivaa juu ya nilichokuwa nimevaa tangu asubuhi. (Msiniulize nilikuwa nimevaa nini. Tutafika.) Nikatoka uani nikajiona mtu mzima mwenye mashine iliyovaa na mwili uliovaa. Nikaipapasa kinga kwa fahari.

Ikatikisika.

Nati moja ya nyuma ilikuwa imelegea. Mtu mwenye busara angeiacha, au angevua kanzu kwanza. Mimi nikachukua spana, nikalalia meza kwa ubavu, nikapeleka mikono nyuma ya mashine. Nikakaza. Nikamfikiria Koku, nikaongeza kidogo. Nikamfikiria Kemi anakimbia uani, nikaongeza tena. Nikaufikiria ule ubao juu ya beseni, nikakaza mpaka spana ikalia.

Pikipiki zikasimama barabarani. Sauti ya baba mkwe ikasikika akimshukuru dereva kwa kirefu. Haraka nikatupa spana kwenye benchi, ili mashine ionekane safi. Nikasimama.

Sikusimama.

Kanzu ilinirudisha chini. Kifua chote cha kanzu kilikuwa kimeingia kati ya mkono wa kinga na meza, na nati ilikuwa imekikalia. Nikavuta. Nikavuta tena. Kanzu ile ni ya kitambaa kizuri, sikujua kama kizuri kiasi hicho. Nikaitazama spana kule kwenye benchi, nikanyoosha mguu kuivuta, nikaambulia kupiga teke maranda.

"Hodi humu!"

Wakaingia. Baba mkwe mbele, kofia kichwani, fimbo mkononi. Mama mkwe nyuma yake, kitenge begani, uso ameuelekeza kwa jirani. Huyu mama, tangu nimuoe binti yake, hatujawahi kutazamana machoni. Ndivyo ilivyo kwetu, mama mkwe na mkwe wake hawasogeleani. Mimi namfahamu zaidi kwa kisogo. Na yeye nadhani ananifahamu kwa viatu.

"Karibuni! Nyegera waitu, nyegera!" nikasema, kifua mezani, makalio yakiwatazama kuku. "Shumalamu, tata! Shumalamu, mae!" (Ndiyo shikamoo yetu ya Kihaya kwa baba na mama.)

Baba mkwe akasimama. Akanitazama. Akavua kofia taratibu.

"Mama Koku, unaona?"

"Naona," mama mkwe akajibu, akitazama paa la jirani.

"Kijana ameinama."

"Ameinama kweli."

"Nimefundisha maisha yangu yote. Kila darasa nimeliambia, mkubwa akiingia, inama. Sijawahi kuona aliyeinama hivi."

Hapo ndipo ilipobidi niseme. Najua. Lakini mzee huyu hajawahi kunisifu tangu nimfahamu, na kila neno analosema huwa linafika kwa Koku kama lilivyo. Nikaona Koku anasikia. Nikaona anaanza kukunja nguo za mtoto, safari hii za kurudi. Basi nikafanya nini? Nikainama zaidi.

"Tuombe," akasema baba mkwe.

Akaiombea nyumba. Akaombea safari yao, na dereva wa pikipiki, na pikipiki. Akaiombea kazi ya mikono yangu, akaomba mbao zikauke vizuri, akaomba na misitu. Damu yote ilikuwa imenishukia kichwani, naisikia inapiga masikioni. Nikasema amina mara mbili kabla ya wakati.

"Amina. Inuka sasa, mwanangu."

"Hapana, tata. Niko vizuri hapa."

"Heshima imeonekana. Inuka."

"Bado haijatosha, tata."

Akaguna. Mama mkwe akaenda kukaa kwenye benchi, akanipa mgongo. Baba mkwe akatoa mfukoni omwani, zile kahawa za kutafuna, zimefungwa kwenye kipande cha jani la mgomba, zimetoka shambani kwake. Akaninyooshea. Na omwani ya mkwe unaifuata mwenyewe, unaipokea kwa mikono miwili. Nikanyoosha mikono miwili. Haikufika. Pengo likabaki kati yetu, yeye analitazama, na mimi nalitazama nikitabasamu kichwachini. Mwisho akasogea yeye, mzee wa watu, akaniwekea viganjani. Sijui mababu zangu walisemaje huko waliko.

Lakini kule kusogea kukamfikisha kwenye mashine. Akavaa miwani. Akainua kinga kwa kidole, ikashuka yenyewe. Akainua tena. Akachungulia kwenye plastiki.

"Meno nayaona, lakini siwezi kuyagusa."

"Ndiyo, tata."

"Na hiki cha nyuma?"

"Kinazuia ubao usirushwe."

Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hiki kingekuwepo siku ile."

"Ndiyo, tata."

"Vizuri. Umefanya vizuri." Nawaambia ukweli, machozi yalinilenga, na kwa jinsi nilivyokuwa nimeinama yalikuwa yanaelekea kwenye paji la uso. Nikajua Koku anarudi. Kilichobaki ni wazee hawa waingie ndani kunywa chai, mimi nitafute namna ya kujinasua.

"Sasa tuione ikikata," akasema. Na kwa kuwa ni mtu wa kusaidia, akaokota waya mwenyewe, akaanza kuelekea ukutani penye umeme.

"TATA, ACHA!"

Nimempigia kelele baba mkwe. Nyumbani kwangu, baada ya maombi, omwani yake ikiwa kiganjani mwangu. Kuku wakatawanyika. Mama mkwe akashtuka kwenye benchi. Mzee akageuka na waya wake.

"Umeniambia acha?"

"Nimekuomba, tata. Kwa sauti."

"Kwa nini?"

"Kanzu yangu imebanwa na nati. Nimefungwa kwenye mashine."

Akarudi. Akainama pembeni yangu, miwani ikagusa meza, akaitazama kanzu ilivyoingia chini ya chuma. Alitazama muda mrefu.

"Kwa hiyo hukuniinamia."

"Nilikuinamia, tata. Ila nilianza kabla hujafika."

Akauliza spana iko wapi. Spana ilikuwa kwenye benchi, kando ya kitenge cha mama mkwe. Yeye hawezi kuniletea, mimi siwezi kumwomba. Akaisukuma kwa kidole mpaka ukingoni mwa benchi, bado amenipa kisogo, na mzee akaenda kuichukua. Akarudi, akaingiza mikono nyuma ya mashine, akazungusha kwa nguvu zake zote. Kanzu ikanivuta chini zaidi.

"Tata, unakaza. Upande wa pili."

"Huu?"

Kanzu ikanivuta tena. Pua yangu sasa ilikuwa mezani.

"Huo ndio wa kwanza, tata."

Mzee alifundisha historia. Nati hakufundisha. Alihangaika mpaka jasho likamtoka, kisha akaweka spana chini. "Imekataa. Vua kanzu utoke."

"Tata, mama yupo."

"Mama Koku, geuka."

"Nimegeuka tangu nilipofika," akasema mama mkwe.

Sikuwa na namna nyingine. Nikakunja magoti, nikarudi nyuma nikijichomoa kwa chini, kichwa kikapita gizani ndani ya kanzu, mkono mmoja, mkono wa pili, nikaangukia maranda. Namshukuru Mungu suruali ilikuwepo. Nikasimama wima kwa mara ya kwanza tangu wageni wafike.

Sasa tumefika kwenye kile nilichosema msiniulize. Nilikuwa nimevaa sweta la Koku.

Ni la rangi ya waridi. Lina vifungo vyeupe na maua mawili kifuani. Mikono yake inaishia kwenye viwiko vyangu, na chini linaacha kitovu nje. Alilisahau kwenye msumari nyuma ya mlango siku aliyoondoka. Mwanzoni nilikuwa naliangalia tu. Siku moja nikalishika. Siku nyingine kukawa na baridi, nikalivaa, nikajiambia ni kwa sababu ya baridi. Tangu hapo kila siku kuna baridi. (Kwa Hamza asubuhi nililifunika kwa koti.)

Baba mkwe akavaa kofia yake tena. Alikuwa anatafuta neno, na mwalimu akikosa neno ujue hali ni mbaya. Ukimya ule ukamzidi nguvu mama mkwe. Akageuka.

Akanitazama. Usoni, machoni, kwa mara ya kwanza tangu nioe. Akashuka mpaka kwenye maua.

"Hilo sweta nimelifuma mimi," akasema.

"Ndiyo, mae."

"Nilimfumia Koku."

"Ndiyo, mae."

"Kwa nini umelivaa wewe?"

Ningesema baridi. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, ushahidi ulikuwepo. Lakini kichwa bado kilikuwa kimejaa damu, mdomo ukatangulia.

"Linanukia yeye."

Nimemwambia hivyo mama mkwe. Mimi, nikiwa na kitovu nje. Nikatazama ardhi nikiiomba ifunguke, ikakaa kimya.

Mama mkwe akajifunika uso kwa kitenge. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani nimemliza. Kisha sauti ikamtoka. Alicheka, jamani. Alicheka mpaka akashika ukuta, akaita jina la Yesu, akacheka tena. Baba mkwe akajikaza, akakohoa, akamgeukia kuku, naye akashindwa. Jirani akatokeza kichwa juu ya ua. Mimi nilisimama pale na omwani zangu zimemwagika kwenye maranda.

Chai walikunywa. Ndizi zangu nyingi zikapata wa kuzila. Niliwaandalia nikiwa nimebadilisha nguo, lakini kila nilipoingia na kikombe mama mkwe alirudisha kitenge chake usoni. Wakati wa kuondoka, akiwa tayari barabarani, alisema bila kugeuka, "Mikono ya sweta umeivuta. Itabidi niifume upya."

Saa moja hivi iliyopita Koku amepiga simu.

"Baba amesema kinga ni nzuri."

"Ndiyo."

"Amesema meno yanaonekana lakini hayagusiki."

"Ndiyo."

Nyuma yake nilimsikia Kemi akipiga mfuniko wa sufuria sakafuni, na hatua zake, zile ndogondogo za haraka ambazo sijaziona.

"Mama naye amenisimulia mengine."

Nikaanza kuokota maranda.

"Unalivaa kila siku?"

"Asubuhi tu."

"Jasoni."

"Na jioni."

Nilisubiri acheke. Nilikuwa nakihitaji kile kicheko, hata kama ni cha kunicheka mimi. Hakucheka. Alikaa kimya mpaka nikaitoa simu sikioni kuangalia kama mtandao umekatika.

"Mimi nilichukua shati lako la kazi," akasema. "Lile lenye gundi. Nililiweka chini ya mto. Mama akaliona chafu, akalifua. Nililia siku nzima, na sikuweza kumwambia nalilia nini."

Nilisema, "Pole." Mtu mzima, fundi, na neno nililopata ni pole.

"Kesho tunapanda gari la asubuhi," akasema. "Uje stendi. Na Kemi hataki kubebwa siku hizi, usije ukamkimbilia ukamtisha."

Basi, hicho ndicho kisa changu. Hamza anakuja kuinasua kanzu. Ndugu zangu, mnaotaka kucheka, chekeni leo mmalize. Kesho Koku akishafika, atakayelitaja sweta mbele yake nitamkabidhi kabati lake bila milango.